Kutoka Kinoo Hadi Royal: Pasaka ya Ngao ya Tannahill

Anayeishi Kinoo anaishi kati ya viwanja viwili vya gofu, awe amewahi kushika fimbo au la. Ukishuka kuelekea mjini kwa Barabara ya Waiyaki, ukakipita kituo cha 87 na Uthiru, mkono wa kushoto nyuma ya miti ya Kabete kuna Vet Lab, klabu iliyopata jina lake kutokana na maabara ya mifugo iliyo jirani nayo. Ukipanda kuelekea Limuru, ukaiacha Muthiga na Gitaru nyuma, unafika Sigona. Katikati ndipo tulipo sisi: nyumba za kupanga zilizopandana ghorofa juu ya ghorofa, maduka ya mabati na saruji, vibanda vya mitumba, na barabara kuu iliyopanuliwa kutoka James Gichuru hadi Rironi, yenye magari yasiyokatika usiku na mchana.

Miaka yote niliyokaa Kinoo nilizipita klabu hizo nikiwa ndani ya matatu. Niliona ua, miti mirefu, na mara mojamoja mtu aliyeinama kwa mbali kwenye nyasi zilizokatwa vizuri. Kwamba watu wa viwanja hivyo wana miadi wanayoitunza mwaka baada ya mwaka, hilo niliambiwa na mzee mmoja jirani yetu, aliyebeba mikoba ya wachezaji pale Vet Lab tangu ujana wake hadi magoti yalipomkatalia. Pasaka ikikaribia, mzee huyu hutoa kofia yake nzuri, huvipiga viatu rangi na kuondoka asubuhi na mapema. Majirani hudhani anawahi kanisani.

"Naenda Royal," aliniambia tulipokutana dukani. "Klabu hukutana huko kila Pasaka. Wewe mwanangu unaandika habari za watu, na jambo la miaka mia liko hapa mlangoni kwenu hujaenda kuliona."

Nikamwomba anichukue.

Huko anakokuita mzee "kukutana", magazeti hukuita Ngao ya Tannahill. Ilianza kushindaniwa mwaka 1924, na ni miongoni mwa mashindano ya gofu ya zamani kabisa nchini Kenya. Wikendi ya Pasaka klabu zenye majina, Royal, Muthaiga, Karen, Limuru, Vet Lab, Sigona na nyinginezo, hupeleka vikosi vyao kwenye uwanja wa Royal, karibu na Barabara ya Ngong, wakacheza klabu kwa klabu. Wote ni wachezaji wa ridhaa. Hakuna bahasha ya pesa inayomsubiri mshindi. Kuna ngao, na kuna neno la kusema mbele ya wenzako hadi Pasaka nyingine. Ryder Cup, ile mechi kubwa ya Marekani na Ulaya inayoonyeshwa kwenye televisheni dunia nzima, ilianza mwaka 1927. Ngao hii ya Nairobi iliitangulia kwa miaka 3. Wakati huo Kenya ilikuwa imeitwa koloni kwa miaka 4 tu, na reli ilikuwa imefika kwenye kinamasi cha Nairobi miaka 25 nyuma yake, mwaka 1899.

Tuliondoka Jumamosi ya Pasaka. Kinoo siku hiyo ilikuwa imegawanyika: wanaobaki na wanaosafiri. Upande wa barabara unaopanda kwenda Nakuru watu walikuwa wamejaa na mifuko yao, kuku ndani ya vikapu, watoto wamevalishwa sweta mpya, makondakta wakitaja nauli ya sikukuu bila kupepesa macho. Sisi tulivuka kwenda upande wa pili. Matatu ya kuteremka ilikuwa karibu tupu. Kondakta alimshika mzee mkono akampandisha. "Mzee, kaa hapa mbele, kuna nafasi ya miguu." Uthiru tukabadilisha gari, tukaifuata Barabara ya Naivasha kupitia Satellite hadi Dagoretti Corner.

Mahali fulani kabla ya Satellite foleni ilisimama, na mzee akanigusa bega. Nje ya dirisha kulikuwa na mwanamke anayekata majani kando ya mtaro kwa mundu, akiyashindilia ndani ya gunia. Sote tunaoishi upande huu tumelizoea jambo hilo. Ng'ombe wa maziwa waliofungiwa vibandani Kinoo na Kikuyu nzima hulishwa hivyo.

"Hizo," mzee akasema, "ndizo tunazocheza juu yake."

Nilidhani anatania, lakini alikuwa anasema kweli tupu. Nyasi za kikuyu, zile zenye mizizi inayotambaa na kushikana hata ukizivuta zinakuja na kipande cha ardhi, asili yake ni nyanda hizi za juu za Afrika Mashariki. Mwanzoni mwa karne ya 20 zilichukuliwa zikapelekwa nchi za mbali, California zikapandwa kuzuia mmomonyoko kwenye kingo za mitaro, na zilipofika huko hazikukubali tena kuondoka. Leo uwanja wa Riviera, Los Angeles, wanapocheza matajiri na mabingwa wa dunia, umefunikwa na nyasi zenye jina la Wakikuyu. Mchezaji wa huko husikitika mpira wake unapozama ndani yake, kwa sababu jani la kikuyu ni nene, hushika fimbo na kuipindua mkononi. Mzee alinieleza hayo yote kwa kidole, akionyesha jinsi mpira unavyokaa: nyasi zikikatwa fupi, mpira husimama juu yake kama yai juu ya mkeka, zikiachwa zirefuke, huumeza. Tangu siku hiyo siwezi kumwona mtu na gunia la majani bila kufikiria Riviera, na naona ni haki watu wa Kinoo wajue kwamba kitu kilichoota kwenye mitaro yao kimefika huko.

Kutoka Dagoretti Corner tulipanda gari jingine hadi tukalipita jumba la maduka la Prestige, tukashuka tukatembea. Kelele za Barabara ya Ngong zilipungua kwa ghafla. Langoni askari aliandika nambari za vitambulisho vyetu. Mimi aliniuliza nimealikwa na nani, mzee hakumuuliza kitu, alimwambia tu, "Umerudi tena," na mzee akajibu, "Nimerudi, mwanangu, bado nipo."

Nilitarajia twende moja kwa moja uwanjani. Mzee alinipeleka kwanza kwenye banda la makedi, wale wanaobeba mikoba ya wachezaji.

Sijui niliwazia nini kuhusu makedi kabla ya siku hiyo. Pengine wabeba mizigo. Pale bandani nilikuta wanaume wapatao 30, na wanawake wachache, wameketi kwenye mabenchi wakiwa wamevaa fulana za kazi zenye nambari mgongoni. Wengi hutoka Kibera, iliyopakana na uwanja. Wengine walikuwa wamekuja na wachezaji wao kutoka Muthaiga, Limuru na Karen, na walikuwa wakipokelewa kwa maswali mfululizo. Mtoto alipita mtihani? Yule mama alipona? Mguu je? Mzee wetu aliingia akavua kofia, na kutoka kwenye kona akasimama mzee mwingine, mwembamba, mwenye ndevu nyeupe, mwenyeji wa Kibera ambako babu zake Wanubi waliishi tangu siku za jeshi la Mwingereza. Wakashikana mikono miwili, wakakaa hivyo bila kuachana.

"Mzee wa Kabete."

"Ndugu yangu wa Kibera. Umekonda."

"Wewe umenenepa kwa niaba yangu."

Walipoketi wakaanza kutajiana watu. Yupo? Yupo. Na fulani? Alitangulia mbele za haki Agosti. Na yule mrefu wa Sigona? Alirudi kwao Nyeri, ana ng'ombe. Nikatambua kwamba mkutano mzee aliousema dukani ulikuwa huu. Ndani ya jumba la klabu kuna orodha za manahodha na washindi, na picha ukutani. Hapa bandani kuna orodha nyingine, haijaandikwa popote, nayo husomwa kwa sauti mara moja kwa mwaka.

Saa tatu na robo tukafuata mechi moja: jozi ya Royal dhidi ya jozi ya Muthaiga. Mzee ndiye aliyechagua. Alisema ukitaka kuuelewa udugu wa klabu hizi anza na hizo mbili, kwa sababu ndizo zilizotazamana kwa muda mrefu zaidi. Klabu ya gofu ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1906, mji wenyewe ukiwa bado mabati na matope. Mwaka 1935 Mfalme George V aliipa heshima ya kuitwa Royal, na jina hilo limebaki hadi leo, wafalme wameondoka, Kenya imekuwa Jamhuri tangu 1964. Muthaiga, upande mwingine wa mji, ilifungua milango ya jumba lake mkesha wa mwaka mpya, tarehe 31 Desemba 1913, na uwanja wake wa gofu baadaye ndio uliopokea Kenya Open ya kwanza mwaka 1967, aliyoishinda Mwingereza Guy Wolstenholme. Kijana wa Kihispania aitwaye Seve Ballesteros alishinda Kenya Open mwaka 1978, na makedi wazee wa Nairobi bado humwita Seve kana kwamba alikuwa mpangaji wao.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuona gofu ya namna hii, nieleze kidogo. Gofu tunayoiona kwenye televisheni huhesabiwa kwa mapigo: unacheza mashimo 18, unajumlisha, mwenye mapigo machache ndiye mshindi. Hapa wanahesabu mashimo. Ukilishinda shimo hili kwa pigo moja au kwa mapigo manne ni mamoja, umepata shimo moja. Ukiharibu vibaya, unalifuta na kuanza upya kwenye shimo linalofuata. Mkilingana, shimo halina mwenyewe. Kwa hiyo mechi inaweza kuisha kabla ya shimo la 18, mmoja akiwa ametangulia kwa mashimo mengi kuliko yaliyobaki.

Halafu kuna jambo la jozi. Walikuwa wanne, wawili kila upande, lakini kila jozi ilikuwa na mpira mmoja. Huyu akipiga, anayefuata kupiga ni mwenzake, kisha huyu tena, mpaka uingie shimoni. Mashimo yasiyogawanyika kwa mbili anaanzisha mmoja, yanayogawanyika anaanzisha mwingine. Nilipoelewa hivyo nikaanza kuutazama mchezo kwa jicho jingine, kwa sababu kila unapopiga vibaya, anayelipa ni mwenzako. Yule kijana wa Royal alipouingiza mpira kwenye mchanga, hakuwa yeye atakayeutoa. Aliyeshuka bankani ni mwenzake, mtu wa makamo mwenye mvi kwenye masharubu, naye hakusema neno, hakutikisa kichwa. Alisaga miguu mchangani, akautoa mpira ukaanguka hatua chache kutoka kwenye bendera, akampa kijana fimbo ya kumalizia. "Zamu yako," akasema. Kijana akauingiza. Ningekuwa mwalimu wa shule ningeuleta mchezo huu kwa kila darasa lenye watoto wanaolaumiana.

Makedi wao walitembea hatua mbili nyuma, kimya. Kimya hicho kina kazi ndani yake. Nilimsogelea mzee wa Kibera, aliyekuwa akitembea nasi kwa fimbo ya mkwaju, nikamuuliza kedi anafanya nini hasa. Akanionyesha grini iliyokuwa mbele yetu, nyasi zake zimenyolewa hadi zinang'aa.

"Wewe unaona mteremko unaenda wapi?"

Nikasema kulia.

"Kila mgeni husema kulia. Tazama yule kijana wa Muthaiga. Kedi wake anamwambia kushoto."

Kijana wa Muthaiga aliinuka, akachungulia, akaonekana wazi hakubali. Kedi wake, mwanamume mfupi mwenye nambari 14 mgongoni, hakubishana naye. Alienda akasimama nyuma ya shimo, akaweka kidole cha kiatu hewani, upande wa kushoto, bila kuigusa nyasi. Mchezaji akafuata kidole. Mpira ulianza kama unapotea, ukajikunja, ukalegea, ukaanguka ndani. Kedi akauokota mpira, akaufuta kwa taulo lililofungwa kiunoni, akaurudisha. Huyo alikuwa kedi wa Muthaiga kwenye uwanja wa Royal. Nikamuuliza mzee wa Kibera kedi huyo amejuaje. Akacheka: "Mimi ndiye niliyemwonyesha, miaka mingi iliyopita. Pasaka kama hii."

Hilo lilinishangaza kuliko pigo lolote la siku ile. Siri ya grini ni mali ya mwenye uwanja; ndiyo faida yake dhidi ya mgeni. Lakini mzee wa Royal alimfunza kijana wa Muthaiga, na wala haoni kwamba aliisaliti klabu yake. "Nikienda Muthaiga na mimi nitahitaji mtu wa kunionyesha," alisema.

Nimefikiria sana maneno hayo. Watu husema mashindano kama haya hudumu kwa sababu ya ngao, au fahari ya klabu, au pesa za wanachama. Fahari na pesa nimeziona kwenye mashindano mengine yaliyokufa baada ya miaka mitano. Kinachoyadumisha haya, kwa ninavyoona mimi, ni kwamba kila mtu pale anajua atarudi, na atakutana na hao hao. Ukijua utamwona mtu kila Pasaka hadi uzeeni, humwibii shimo, na humfichi mteremko wa grini.

Kwenye shimo moja fupi niliona tendo ambalo nilikuwa nimelisoma tu. Jozi ya Royal ilikuwa imebakiza mpira karibu sana na shimo, urefu wa kiganja na nusu hivi. Kwa kanuni za mechi ya mashimo, mpinzani anaweza kukupa pigo hilo, uokote mpira kama umeingia. Mchezaji wa Muthaiga aliangalia, akanyoosha kiganja: okota. Baadaye, mechi ikiwa imebana, Royal nao walipewa nafasi ya kulipa wema, mpira ukiwa mbali kuliko ule wa kwanza, na yule mwenye masharubu akatoa mkono ule ule bila kusita. Mwaka 1969, kwenye uwanja wa Royal Birkdale huko Uingereza, Jack Nicklaus alimpa Tony Jacklin pigo la namna hiyo kwenye shimo la mwisho kabisa la Ryder Cup, na matokeo yakawa 16 kwa 16, sare ya kwanza katika historia ya kombe hilo. Wapo wenzake waliokasirika. Dunia ya gofu inalitaja tendo hilo mpaka sasa. Nairobi hutendeka asubuhi ya Jumamosi mbele ya makedi wanne na wazee wawili, na hakuna anayepiga picha.

Nisiposema upande wa pili wa hadithi nitakuwa nimewadanganya watu wangu. Klabu hizi hazikujengwa kwa ajili yetu. Waingereza walibeba gofu popote walipokwenda, Calcutta walikuwa na klabu tangu 1829, na walipofika hapa walizungushia ua ardhi nzuri na kuweka mlango uliofunguka kwa rangi ya ngozi. Hadi kukaribia Uhuru wa 1963, Mwafrika aliyeingia Royal au Muthaiga aliingia kubeba mkoba, kupika au kukata nyasi. Mzee wetu anakumbuka baba yake akisimulia hivyo, na alinisimulia njiani bila chuki, lakini bila kupunguza kitu. Ngao ya 1924 ilishindaniwa na watu waliojiona ndio wenye nchi. Waafrika walikuwepo siku ile ya kwanza pia, mikoba mabegani, na ndio waliojua mteremko wa kila grini.

Leo waliokuwa wakicheza mbele yetu wengi wao ni Wakenya weusi na wale wenye asili ya Kihindi. Rais Mwai Kibaki alijulikana kwa mapenzi yake ya gofu, na wachezaji wengi wa kulipwa wa nchi hii walianza kwa kubeba mikoba, wakipiga mipira iliyookotwa kwa fimbo za kuazima. Mlango umefunguka, lakini umefunguka kwa ada ambayo mkazi wa kawaida wa Kinoo au Kibera haiwezi. Naliona hilo kuwa jeraha, na naamini klabu zenye moyo wa kumpa mpinzani pigo zinaweza kuwapa pia watoto wa jirani siku moja kwa wiki. Ua wa Royal na mabati ya Kibera vimetenganishwa na hatua chache tu. Tulipokuwa upande ule wa uwanja, kwaya ya kanisa ilikuwa ikifanya mazoezi ya mkesha wa Pasaka, sauti za kina mama zikipanda na kushuka, ngoma ikianza na kukatizwa ili mtu akosolewe. Wachezaji walisimama kungoja kimya kabla ya kupiga. Kimya hakikuja, kwa hiyo walipiga wimbo ukiendelea, na nilimwona kedi nambari 14 akitikisa kichwa kwa mdundo.

Saa sita mvua ya masika ikatufukuza. Wanachama walikimbilia veranda. Sisi tulirudi bandani, tukanunua chapati na maharagwe na chai ya maziwa kwa mama mwenye jiko la makaa. Mazungumzo yakawa ya uwanja tu. Kijana mmoja aliyewahi kubeba mkoba Nyali, Mombasa, alisema wachezaji wa pwani wakifika Nairobi siku ya kwanza hupitisha mpira kila grini, kwa sababu hapa tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, mpira haushikwi na kitu. Kedi wao akiwa mjuzi huwapa fimbo fupi kuliko wanayoiomba. Asipokuwa mjuzi wanachana kadi. Mwingine akakumbusha kwamba wazee wao hawakuwa na grini za nyasi. Viwanja vingi vya mwanzo Afrika Mashariki vilimalizia mashimo yake kwenye mchanga uliochanganywa na mafuta ili usipeperuke, na kazi ya kedi ilikuwa kulainisha njia ya mpira kila baada ya kundi kupita. Mzee wa Kibera alisema baba yake alirudi nyumbani kila siku miguu ikinuka mafuta ya injini.

Mvua ilipopungua tulikuta mechi yetu imefika shimo la 17, Muthaiga wakiongoza kwa moja. Nyasi zilikuwa zimelowa, mpira haukuviringika. Kijana wa Royal, yule wa banka, alipiga pigo refu kwa fimbo ya chuma, mpira ukapanda juu sana ukadondoka grini na kuganda pale pale kwenye alama yake. Shimo likawa lao. Wakaenda la 18 wakiwa sawasawa.

Sitaweza kusimulia shimo hilo pigo kwa pigo kwa sababu nilikuwa nikiwatazama wazee wawili zaidi kuliko mpira. Walikuwa wamesimama bega kwa bega chini ya mwavuli mmoja, mmoja wa Vet Lab na mmoja wa Royal, na mechi yenyewe ikiwa ya Royal na Muthaiga. Mzee wetu hakuwa na upande. Hata hivyo mkono wake ulikuwa umeukamata mkono wa mwenzake. Jozi zote mbili zilifika grini kwa mapigo sawa, zote mbili zikakosa kidogo, zote mbili zikamalizia. Sare. Nusu pointi kwa Royal, nusu kwa Muthaiga. Wakavua kofia, wakapeana mikono wote wanne, kisha kila mchezaji akampa mkono kedi wa upande mwingine. Hesabu za klabu nyingine zilikuwa zikiendelea kuandikwa ubaoni, na siku za mashindano zilikuwa bado, kwa hiyo ngao yenyewe sikuiona ikiinuliwa na mtu.

Bandani, kabla ya kuagana, likazuka jambo ambalo sikulitarajia. Jumatatu, wachezaji wakipumzika, klabu nyingi huwaachia makedi uwanja wacheze wenyewe. Kedi nambari 14 akasema vijana wa Muthaiga wangependa kuja Kabete. Mzee wa Kibera akasema na wake wapo. Mzee wetu akajibu kwamba yeye hana amri ya klabu, ila anamjua anayeshika kalenda ya makedi, na atamwona Jumanne. Wakabishana juu ya tarehe. Wiki inayofuata kuna mazishi Kawangware, ile nyingine shule zinafunguliwa na kila mtu anatafuta karo. Wakakubaliana Jumatatu ya tatu baada ya Pasaka, jozi nne kila upande, mpira mmoja, na atakayeshindwa alipe chai.

"Na ngao je?" mmoja akauliza.

"Ngao ya nini," mzee wa Kibera akasema. "Tuandikwe tu. Nimekuja hapa tangu sijaoa, hakuna karatasi yenye jina langu."

Mzee wetu akanigeukia. "Umesikia, mwanangu. Jumatatu hiyo uwe Vet Lab saa moja asubuhi. Uje na viatu vya kutembelea kwenye umande, na lile daftari lako. Utaandika wa Royal kwanza, ni wageni wetu."